Mita 200 za Jenerali Gotovina

Aprili 15, 2011 majaji watatu mjini The Hague walimpa Jenerali Ante Gotovina wa Kroatia miaka 24 jela. Novemba 16, 2012 majaji watano wa rufaa, katika mahakama hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia uhalifu wa vita vya Yugoslavia, walimwambia aende zake. Katikati ya siku hizo mbili hakuna shahidi mpya aliyepanda kizimbani. Faili lilikuwa lilelile. Kilichoanguka ni kipimo kimoja, mita 200, na kilipoanguka kikaburuta kila kitu kilichokuwa kimejengwa juu yake.

Kisa hiki husimuliwa kwa ndimi mbili. Wakroatia wengi watakwambia ni habari ya shujaa aliyesingiziwa mpaka ukweli ukajitenga na uongo. Waserbia wengi watakwambia ni habari ya mtu aliyefukuza taifa zima kwa mizinga, kisha wakubwa wakamwosha. Mimi naona pande zote mbili zimeiruka sehemu yenyewe yenye mambo, yaani namna ushahidi wa vita unavyopimwa na watu ambao hawakuwepo vitani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Oktoba 12, 1955 huko Tkon, kijiji cha kisiwa cha Pašman, mkabala na mji wa Zadar kwenye pwani ya Dalmatia. (Kwa Kikroatia neno "gotovina" ni fedha taslimu, hivyo Mkroatia anayekwenda benki hulitaja jina la jenerali bila kukusudia.) Akiwa na miaka 16 aliondoka kwao kutafuta ubaharia, na mwaka 1973, kabla hajatimiza 18, akajiandikisha katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linalopokea watu wa kila taifa na halichunguzi sana walikotoka. Akapelekwa kikosi cha pili cha askari wa miavuli, chenye makao yake Calvi, kisiwani Corsica.

Hapo ndipo maisha yake yanapopita jirani na sisi. Mei 1978 waasi wa Kikatanga waliotokea Angola waliuteka mji wa migodi wa Kolwezi, katika jimbo ambalo Mobutu alikuwa amelibadilisha jina na kuliita Shaba, kwa Kiswahili kabisa. Mei 19 kikosi cha Calvi, chini ya Kanali Philippe Erulin, kiliruka kwa miavuli juu ya mji huo. Wasifu wa Gotovina unamweka katika operesheni hiyo, na unasema alipata kuwa dereva wa Erulin. Alihudumu Djibouti pia. Kwa hiyo, miaka 17 kabla mizinga yake haijaupiga mji wa Knin, huko Kroatia, kijana wa Tkon alikuwa askari wa kawaida katika mji ambao watu wake wanapatana bei sokoni kwa Kiswahili.

Alitoka jeshini na cheo cha ukoplo baada ya miaka kama mitano na akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1979. Miaka ya 1980 haina nuru nyingi: kazi za ulinzi wa kukodiwa, safari za Amerika ya Kusini na ya Kati, na hukumu ya jinai Ufaransa iliyompeleka gerezani. Wanaomtukuza hupita hapo mbiombio. Mimi pia nitapita, ila kwa sababu nyingine: mambo hayo hayakuwa sehemu ya mashtaka.

Mwaka 1991 Yugoslavia ilipoanza kuraruka, Gotovina alirudi kwao. Kroatia ilikuwa imetangaza uhuru, na Waserbia wa Krajina, wakisaidiwa na jeshi la Yugoslavia, wakajitangazia jamhuri yao ndani ya Kroatia, makao makuu yakiwa Knin. Karibu theluthi moja ya nchi ikatoka mikononi mwa serikali ya Zagreb. Wakroatia waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa kwa maelfu, na vijiji kama Škabrnja viliona mauaji ya raia Novemba 1991. Hili lazima liwekwe mezani, kwa kuwa bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini jina la Gotovina liliandikwa kwenye kuta za Dalmatia nzima. Jeshi la Kroatia lilikuwa linajiunda huku linapigana, na mtu aliyefundishwa na Wafaransa alikuwa lulu. Mwaka 1992 akakabidhiwa kamandi ya kanda ya kijeshi ya Split, akashiriki mapigano ya Maslenica Januari 1993, na kufikia 1995 alikuwa jenerali mwenye nyota begani na majeshi milimani.

Kiangazi cha mwaka huo alipandisha watu wake milima ya Dinara hadi upande wa Bosnia, na mwisho wa Julai akatwaa Bosansko Grahovo na Glamoč. Ukiangalia ramani utaona maana yake mara moja: Knin ilikuwa sasa bondeni, yeye yuko juu.

Agosti 2, 1995 alitoa amri ya kivita. Ndani yake kuna mstari mmoja unaoelekeza mizinga iiweke chini ya moto miji ya Drvar, Knin, Benkovac, Obrovac na Gračac. Msomaji, simama hapo kidogo. Amri haisemi kambi ya Knin, wala kituo cha mawasiliano cha Knin. Inasema miji. Upande wa mashtaka ulisema huo ndio ushahidi: aliyetaja mji kuwa shabaha, ameufanya mji wote shabaha. Utetezi ukajibu kwamba maofisa wa mizinga hawasomi amri hivyo. Tayari walikuwa na orodha za shabaha ndani ya kila mji, zenye majira ya ramani, na amri ya kamanda ilikuwa mkato tu wa maneno kwa watu waliokwisha kujua wapige wapi. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kila kazi ina mkato wake wa maneno, na anayeusikia kwa mara ya kwanza mahakamani anaweza kusikia kitu kingine kabisa. Lakini pia ni kweli kwamba mkato wa maneno unaohusu mizinga na mji wenye watu si mkato wa muuza duka.

Saa 11 alfajiri ya Agosti 4 operesheni iliyoitwa Oluja, yaani dhoruba, ilianza kwenye mstari wa mapambano wenye mamia ya kilomita. Kanda ya Gotovina ilikuwa moja tu ya kanda kadhaa, ila ndiyo iliyobeba Knin. Jioni ya siku hiyo Milan Martić, rais wa jamhuri ya Waserbia wa Krajina, alitia saini uamuzi wa kuwahamisha raia. Asubuhi ya Agosti 5 askari wa Kroatia waliingia Knin na kupandisha bendera kwenye ngome iliyo juu ya mji. Tarehe hiyo hadi leo ni sikukuu ya taifa. Waserbia waliokimbia hukadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000, wakiwa kwenye matrekta, magari madogo, na kwa miguu, wakielekea Bosnia na Serbia. Waliobaki wengi wao walikuwa wazee. Wiki zilizofuata nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa, na wazee hao wakauawa katika vijiji ambavyo havikuwa na vita tena.

Weka akilini mambo hayo mawili mbalimbali, mizinga ya siku mbili na moto wa wiki nyingi. Kesi nzima iliyumba kwa sababu ya namna yalivyofungwa pamoja.

Hati ya mashtaka ilitoka mwaka 2001. Gotovina alikuwa ameshastaafishwa: Septemba 2000 alikuwa mmoja wa majenerali 12 waliotia saini barua ya wazi ya kulalamikia jinsi vita vyao vilivyokuwa vikisemwa, na siku iliyofuata Rais Stipe Mesić akawastaafisha wale saba waliokuwa bado kazini. Habari ya hati ilipomfikia, alitoweka. Barabarani yakatokea mabango yenye picha yake na maneno "shujaa, si mhalifu". Mwendesha mashtaka Carla Del Ponte, ambaye mpaka 2003 alikuwa akibeba pia mafaili ya Rwanda yaliyosikilizwa Arusha, alifika kudai hadharani kwamba jenerali amefichwa katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki na kwamba Vatikani haitaki kusaidia.

Dai hilo la nyumba ya watawa halikuthibitika. Mbaya zaidi kwa Kroatia, mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yaliyopangwa kuanza Machi 17, 2005 yaliahirishwa kwa sababu ya mtu huyu mmoja. Yalifunguliwa Oktoba, baada ya Del Ponte kuridhika kwamba Zagreb sasa inashirikiana naye. Desemba 7, polisi wa Hispania walimkamata akiwa anakula chakula cha jioni katika hoteli ya kitalii Playa de las Américas, kisiwani Tenerife. Pasipoti aliyokuwa nayo ilikuwa ya bandia, jina Kristian Horvat, na mihuri yake ilionyesha mtu anayetembea dunia: Tahiti, Chile, China, Morisi. Miaka minne ya kutafutwa iliishia kwenye meza ya mgahawa wa watalii.

Kesi ilianza Machi 11, 2008, ikimuunganisha na majenerali wengine wawili, Ivan Čermak na Mladen Markač. Jaji kiongozi alikuwa Alphons Orie wa Uholanzi, akiwa na Uldis Ķinis wa Latvia na Elizabeth Gwaunza wa Zimbabwe. Shtaka kubwa lilikuwa la mpango wa pamoja wa uhalifu: kwamba Rais Franjo Tuđman na wakubwa wa jeshi walikubaliana kuwaondoa Waserbia wa Krajina moja kwa moja, na Gotovina akautekeleza kwa mizinga. Kulikuwa na kumbukumbu za kikao cha Julai 31, 1995 kisiwani Brijuni, ambamo Tuđman alizungumzia mapigo yatakayowafanya Waserbia watoweke. Jeshi lao au watu wao? Mawakili walishindana juu ya neno hilo kwa miaka.

Majaji walijua kwamba maneno ya Brijuni peke yake hayatoshi. Walihitaji kuonyesha kwamba mpango ulitendwa, na hapo wakaligeukia suala la makombora. Waliweka kwenye ramani shabaha halali za kijeshi katika kila mji. Knin, kwa mfano, zilikuwamo kambi, makao makuu ya jeshi la Krajina, kituo cha polisi, kituo cha treni. Kisha wakaangalia makombora yaliangukia wapi. Ni kawaida mzinga kukosea. Wakauliza: ukosee kiasi gani ndipo tuseme ulikusudia? Jibu lao lilikuwa mita 200. Lililoangukia ndani ya mita 200 za shabaha huenda lilielekezwa huko. Lililozidi hapo ni dalili kwamba mpigaji alilenga raia, au hakujali.

Mita 200 ni urefu wa viwanja viwili vya mpira, goli kwa goli. Mbona isiwe 150? Mbona isiwe 400? Mashahidi wa mizinga walikuwa wametoa hesabu zisizofanana, mmoja akizungumzia makumi ya mita, mwingine mamia. Walieleza kwamba upepo, joto la hewa, umbali wa mzinga na aina yake, vyote hubadilisha mahali kombora linapotua. Mzinga wa milimita 130 hautawanyi makombora kama roketi za BM-21. Gotovina alikuwa akipiga kwa aina zaidi ya moja na kutoka umbali tofauti. Halafu hukumu yenye kurasa zaidi ya 1,300 ikachukua namba moja kwa zote, bila kuonyesha ilikokotolewaje. Hakuna shahidi aliyeitaja kuwa kipimo.

Hapa nawalaumu majaji wa kwanza bila kumung'unya maneno. Mtu anayemfunga mwenzake miaka 24 kwa namba, aonyeshe hesabu yake. Juu ya namba hiyo waliweka hitimisho kwamba mashambulizi dhidi ya miji minne yalikuwa haramu. Juu ya hitimisho hilo wakaweka kwamba raia waliokimbia walifukuzwa kwa mashambulizi haramu na si kwa uamuzi wa Martić. Juu ya hilo wakaweka mpango wa pamoja. Na juu ya mpango wakaweka mauaji na uchomaji wa wiki zilizofuata kama matokeo yaliyotarajiwa. Ghorofa nne, nguzo moja. Markač alipata miaka 18. Čermak aliachiwa.

Kwenye rufaa majaji wote watano walikubaliana kwamba mita 200 haikuwa na msingi. Hilo husahaulika, watu wakidhani jopo liligawanyika kwa kila kitu. Liligawanyika kwenye swali lililofuata: nguzo imeanguka, sasa tufanye nini? Theodor Meron, Patrick Robinson na Mehmet Güney walisema bila kipimo kile haiwezekani kusema kwa uhakika kombora lipi lililenga nini. Hata yaliyotua mbali huenda yalikuwa yakifuata magari ya kijeshi yanayotembea. Kwa hiyo mashambulizi hayakuthibitishwa kuwa haramu, kwa hiyo kufukuza hakukuthibitishwa, kwa hiyo mpango ukaporomoka, kwa hiyo hakuna kosa. Carmel Agius na Fausto Pocar walikataa. Agius alitaka ushahidi wote uangaliwe upya kwa jumla: amri ya Agosti 2 inayotaja miji, makombora yasiyopungua 900 juu ya Knin kwa muda wa siku moja na nusu, mengine yakitua mamia ya mita kutoka kwenye shabaha yoyote. Pocar aliandika kwamba hukumu ile inapingana na hisia yoyote ya haki. Jaji kumwandikia hivyo jaji mwenzake, mbele ya dunia, si jambo la kila siku.

Kwangu mimi, majaji wale watatu walio wengi walikuwa sahihi kuhusu namba na wepesi mno kuhusu kilichobaki. Kipimo kibovu hakithibitishi kwamba kitu kilichopimwa ni kizuri; kinathibitisha kwamba bado hakijapimwa. Ngazi ya rufaa ilikuwa na uwezo wa kuweka kipimo sahihi na kurudia ushahidi kwa mikono yake. Ilikuwa pia na njia ya kumtazama Gotovina kama kamanda asiyezuia wala kuadhibu uhalifu wa watu wake, bila mizinga kuhusika kabisa. Iliigusa njia hiyo kwa ufupi na kuifunga. Kwa upande wa Gotovina kulikuwa na la kusema: baada ya Knin majeshi yake yaliendelea kupigana Bosnia, na kuna picha za video za Agosti 6 ndani ya ngome, akiwafokea maofisa wake kwa hali ya mji. Huenda angeshinda hata hapo. Lakini angeshinda kwa swali kuulizwa.

Ndege ya serikali ilimchukua siku hiyohiyo. Kwenye uwanja wa Ban Jelačić, Zagreb, umati ulikuwa unasubiri tambo za ushindi, naye akawaambia vita ni mambo ya zamani, tugeukie siku zijazo. Akarudi Zadar, na baadaye akaingia kwenye ufugaji wa jodari baharini, biashara inayotegemea sana soko la Japani. Julai 1, 2013 Kroatia ikaingia Umoja wa Ulaya. Februari 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikisikiliza madai ya Serbia kwamba Oluja ilikuwa mauaji ya kimbari, iliegemea hukumu hiyo ya rufaa na kuyakataa madai.

Wasomaji wa Arusha na Kigali wana sababu ya kuijua rufaa hii kwa karibu. Chumba cha rufaa kilikuwa kimoja kwa The Hague na kwa mahakama ya Rwanda. Februari 4, 2013, hata miezi mitatu haijaisha, majaji wa rufaa chini ya Meron huyohuyo waliwaachia huru Justin Mugenzi na Prosper Mugiraneza, mawaziri wa zamani waliokuwa wamefungwa miaka 30. Hakuna ndege ya serikali iliyomjia Mugiraneza. Alikaa miaka katika nyumba ya Arusha, huru kwa karatasi, kwa kuwa hakuna nchi iliyomtaka, mpaka Desemba 2021 alipopelekwa Niger pamoja na wenzake saba. Kuachiwa ni kulekule, lakini tofauti ni ipi nchi inakusubiri mlangoni.

Agosti 2020, kwenye maadhimisho ya Knin, Gotovina alihutubia na kati ya waliohudhuria alikuwemo naibu waziri mkuu Boris Milošević, Mserbia wa Kroatia ambaye bibi yake aliuawa baada ya Oluja. Mwezi huohuo viongozi wa nchi walikwenda Grubori, kitongoji ambako wazee waliuawa Agosti 25, 1995. Kesi ya Grubori ilisikilizwa Zagreb, washtakiwa wakaachiwa.

Huko Varivode wanakijiji tisa waliuawa Septemba 28, 1995, karibu wiki nane baada ya Knin kutekwa. Hapakuwa na kombora la kupimia mita. Mahakama za Kroatia zilikuja kukubali kwamba dola iwalipe fidia watoto wa waliouawa. Hakuna aliyefungwa.